Kalunde na Mwethya wa Kupandisha Hadhi

Kuna watu wanaozaliwa wakijua bustani ni nini. Kalunde hakuwa mmoja wao. Alizaliwa Mwala, mahali ambapo nyasi ni chakula cha mbuzi, na mbuzi huimaliza kabla haijapata jina. Akiwa msichana aliteka maji kwa kibuyu kutoka shimo lililochimbwa kwenye mchanga wa mto, akingoja yajikusanye tone kwa tone, na aliyekuwa na haraka aliambiwa arudi nyumbani akanywe haraka yake. Kwa hivyo siku ile alipoajiriwa mjini Machakos, akakabidhiwa mpira wa maji na kuambiwa anyweshe nyasi, aliuliza swali la busara kabisa.

"Hii nyasi inaliwa na nani?"

"Hailiwi na mtu," msimamizi akamjibu. "Ni ya kuangaliwa tu."

Kalunde akatazama huku na huku aone ni nani anayeiangalia. Hakukuwa na mtu. Akafungua mfereji, akamwaga maji, na moyoni akawaombea wote waliohusika, maana alijua sasa kwamba mji mzima umerukwa na akili.

Mwaka huo huo mama yake alikuja kumtembelea, akasimama langoni na kikapu chake, akamtazama binti yake akimwagia ardhi maji safi ya kunywa kama mtu anayelipa faini. Akaweka kikapu chini. Kisha akauliza, "Na mvua inajua mnafanya hivi?"

Hiyo ni miaka kumi na tisa iliyopita. Mama alishakwenda zake, Mungu amrehemu, na mvua mpaka leo haijajibu. Kalunde naye alizoea wazimu wa mji, na kama ilivyo kwa wazimu wote, ukiuzoea unaanza kuupenda.

Bustani yenyewe si kubwa. Mtu akipiga chafya langoni, aliye mwisho wa ua anamtakia afya. Ina mijakaranda sita, viti vitatu vya zege, ua wa michongoma na bango linalosema USIKANYAGE NYASI. Bango hilo limesimama katikati ya nyasi, na aliyeliweka hakufika pale kwa kuruka.

Wageni wake Kalunde anawajua kama anavyojua vidole vyake. Mchana huja watu wa ofisi, wakalala chali na faili usoni ili nchi iendelee mbele. Huja wahubiri wawili waliogawana bustani kama nchi mbili zenye mpaka, kila mmoja akimwokoa mwenzake kwa sauti, na wala hakuna aliyeokoka. Wachumba huingia nyuma ya ua wakidhani michongoma ni ukuta wa mawe. Siku za mahafali huja vijana waliokodi majoho, wakapigwa picha wakirusha kofia juu, na Kalunde ndiye anayepanda mti kuzitoa. Jumapili huja magari kutoka Nairobi. Hao huja kuvuta hewa safi, na wakishaivuta huacha chupa za plastiki mahali pake ili pasibaki patupu.

Na siku za soko la mbuzi huja Samatar. Huyu ni mfanyabiashara wa mifugo, Msomali aliyekaa Machakos miaka mingi kiasi kwamba anagombana na mbuzi kwa Kikamba. Akimaliza kuuza huja na chupa yake ya chai ya maziwa, akavua viatu, akajilaza chini ya mjakaranda wa tatu.

"Mama Kalunde," husema akiwa amefumba macho, "tangu alfajiri nimewasimamia mbuzi. Sasa mti unisimamie mimi."

"Bango limesema usikanyage nyasi, mzee."

"Nimeikanyaga? Nimeilalia."

Mjakaranda wa sita, ule wa karibu na choo, ndio Kalunde anaoupenda kuliko yote, ingawa akiulizwa atakataa. Mwaka ule wa kiangazi kibaya, mfereji ulipokauka miezi mitatu na mpira ukalala chini kama nyoka aliyekufa, mti huo ulianza kupukutika kuanzia juu. Kalunde alibeba maji ya kuoshea vyombo kutoka nyumbani kwake, ndoo moja kila asubuhi, akaumwagia pamoja na mabaki ya ugali. Majirani walimcheka. Walimwambia labda baadaye aupikie na mboga. Mti ukapona. Hakuna aliyemshukuru, na yeye hakungoja shukrani. Anayengoja shukrani kutoka kwa mji atazikwa akiwa bado kwenye foleni.

Basi mwaka huu, mwezi wa tatu, akaja Muthoka.

Muthoka ni kijana wa ofisi fulani ya mji, ofisi yenye jina refu kuliko mlango wake. Ni Mkamba kwa jina na kwa kitambulisho. Kwa ulimi ni mtu wa Mlolongo, alikolelewa kwenye nyumba za kupanga karibu na mizani ya malori, na Kikamba chake kingewekwa juu ya mizani ile kisingetikisa mshale.

"Niaje mathe," akasema, akatandaza karatasi kubwa juu ya kiti cha zege. "Cheki hii. Hii ndio bustani vile itakaa."

Kalunde akatazama. Kwenye picha kulikuwa na matofali mekundu ya kabro kutoka ukuta hadi ukuta. Kulikuwa na mnazi wa plastiki wenye taa. Pembeni kulikuwa na kipande cha nyasi cha kijani kupita kijani chenyewe. Watu waliochorwa wakitembea juu ya kabro walikuwa wamevaa makoti mazito, nadhani kwa sababu huko walikochorewa kulikuwa na baridi.

"Miti iko wapi?"

"Miti inaangusha majani, mathe. Majani ni uchafu."

"Na hii nyasi?"

"Hiyo ni ya plastiki. Haitaki maji, haitaki kukatwa. Haitaki kitu."

"Na mimi, itanitaka?"

Muthoka akakohoa, akaanza kuikunja karatasi taratibu, ingawa haikuwa na haraka ya kwenda popote.

"Wewe tutakupumzisha. Kwa heshima lakini. Barua yako inatoka mwisho wa mwezi."

Hapa kwetu, ukisema fulani amepumzishwa, watu huuliza mazishi ni lini. Kalunde hakuuliza. Aliurudia mpira wake akaendelea kumwagia mahali ambapo alikuwa amekwisha kumwagia, mpaka pakawa tope. Hesabu yenyewe ilikuwa fupi: kabro hainyweshwi. Kabro ikiingia, miti sita inatoka, na Kalunde anatoka nayo. Alikuwa amebakisha miaka mitatu astaafu kama watu wengine, na keki. Hakuwa na shamba la kurudia Mwala, ndugu zake walishaligawana wakati yeye akinywesha nyasi.

Lakini sheria ni kitu kizuri. Sheria inasema kabla ya kubadilisha mahali pa umma, wananchi lazima waulizwe. Haisemi lazima wajibiwe. Muthoka alihitaji tu watu wakusanyike, wapigwe picha, watie sahihi kwenye karatasi, kisha mheshimiwa mmoja aje akate utepe. Akarudi siku ya pili na simu mkononi, amejaa furaha ya mtu aliyegundua moto.

"Mathe, nimetafuta kwa simu. Nyinyi watu wa huku mkikusanyika mnaita mwethya, si ndio?"

"Tunaita mwethya," Kalunde akakubali. Huo ulikuwa ukweli mtupu.

"Fiti. Nitaandika hivyo. Wazee wajiskie wako home."

Sasa, mwethya ni kukusanyika, ndiyo, kama vile harusi ni kula wali. Kuna kitu kingine ndani yake. Mwethya ni kazi. Mwenye shida anaita, watu wanakuja na majembe yao, wanachimba mtaro au wanaziba mto kwa mchanga au wanapanda, na aliyeita anawapikia. Hauendwi mikono mitupu. Na hakuna hotuba. Mtu akileta hotuba kwenye mwethya anapewa koleo.

Mabango yakaja yakiwa bado yananuka wino. Yalisema: MWETHYA WA KUPANDISHA HADHI YA BUSTANI. JUMAMOSI, SAA NNE ASUBUHI. WOTE MNAKARIBISHWA. CHAKULA KITAKUWEPO.

Kalunde alilisoma moja polepole, kidole chini ya kila neno. Shule aliiacha mapema, na mtu anayesoma polepole huona vitu ambavyo wenye mbio huviruka.

"Mwanangu," akasema, "hii mwethya umeandika..."

"Mathe, wewe kazi yako ni kubandika tu. Mambo ya kuandika wachia ofisi."

Kalunde akachukua mabango. Yeye ni mtu mtiifu. Aliambiwa abandike, hakuambiwa afikirie, na kufikiria hakukuwa kwenye mshahara wake. Akachemsha gundi ya unga wa ngano, akabandika. Alibandika langoni. Alibandika sokoni, kanisani, kwenye kioski cha maji, na mawili akampa mwenye mkokoteni wa punda aende nayo aendako. Kwa miaka kumi na tisa hajawahi kufanya kazi kwa bidii namna ile.

Sokoni, neno hadhi lilipata taabu. Mama mmoja wa nyanya aliuliza hadhi ni mti gani. Mwenzake akasema ni kama mwarubaini lakini mchungu zaidi, dawa ya tumbo. Kufikia Alhamisi hadhi ilikuwa imedondoka njiani kabisa, na kilichobaki midomoni ni "mwethya wa kupanda bustani." Hicho kila mtu alikielewa.

Siku hiyo hiyo Mwongeli alifika bustanini. Mwongeli ni mwenyekiti wa akina mama wa kanisa lao, mwanamke wa sauti moja tu, ile ya juu. Alimkuta Kalunde akiokota maganda ya njugu.

"Kalunde! Hii mwethya ya Jumamosi, tuje na nini?"

"Bango limesema nini?"

"Limesema mwethya."

"Basi si mwethya mnajua."

"Na miche tulete?"

"Mimi nimeambiwa kubandika tu, Mwongeli."

Mwongeli akamtazama kutoka kitambaa cha kichwa mpaka viatu vya mpira, kisha akatazama mijakaranda, kisha akamtazama tena. Wamejuana tangu Kalunde afike mjini.

"Haya," akasema, na kwa mara ya kwanza maishani akapunguza sauti. "Nimesikia vile hujasema."

Ijumaa Muthoka alikuja na vibarua wawili. Wakapima, wakapigilia vigingi vya mbao vyenye vichwa vyekundu, mstari baada ya mstari, hatua mbili kwa hatua mbili, kuonyesha kabro itakavyotandazwa. Lori likamwaga kabro nje ya lango. Samatar alikuwa chini ya mti wake, akaambiwa asogee maana kigingi kinapita kwenye mbavu zake.

"Huu mti unatoka, mzee," Muthoka akamwambia. "Tunaleta kitu modern."

Samatar akajiinua kwa kiwiko kimoja. "Kijana, mimi nimeuza na kununua tangu babako hajaoa. Wallahi sijawahi kuona mtu anauza kivuli ili anunue jua."

"Kutakuwa na miavuli."

"Ya bure?"

Muthoka akajifanya anapima.

Usiku huo Kalunde alilala kama mtu aliyemeza jiwe. Kama watu wangekuja saa nne mikono mitupu, wakae kwenye viti vya plastiki, watie sahihi, wale, waende, basi yote yamekwisha, na yeye ndiye aliyebandika. Hilo la mwisho lilimchoma kuliko yote.

Lakini hakuna Mkamba anayekwenda mwethya saa nne. Saa nne ni saa ya uji. Kalunde alipofungua lango saa kumi na mbili, vilima vya Iveti bado vimejifunika ukungu, alikuta barabara imejaa. Walikuwa akina mama zaidi ya mia, na wanaume kiasi, wale ambao wake zao waliwaamsha. Majembe mabegani, ndoo vichwani, na ndani ya ndoo miche kwenye vikaratasi vya nailoni: mikau, miarubaini, michungwa. Mmoja alileta mpapai, akasema bustani isiyoliwa ni uvivu.

"Fungua, Kalunde!" Mwongeli akapaza sauti, amerudi kwenye sauti yake. "Ama tuingilie kwa ua kama wale wachumba wako?"

Wakaingia. Na hapo Mwongeli akaona vile vigingi, mistari iliyonyooka, kila kimoja na kichwa chake chekundu. Akashika kiuno.

"Aiyaa! Tazameni! Wametupimia mpaka mashimo! Serikali ya siku hizi imesoma!"

Kilichofuata hakihitaji maelezo marefu. Kigingi kikang'olewa, pale pale shimo, pale pale mti. Walifanya kazi mstari kwa mstari wakiimba, wanaume wakichimba, akina mama wakipanda na kuwacheka wanaume. Mwenye mashimo mafupi aliambiwa anachimbia mbuzi choo. Samatar alipita akielekea sokoni, akaegesha mbuzi wake wanne kwa kamba kwenye lango, akavua viatu, akaomba jembe.

"Wewe Samatar, unajua kupanda kweli?" Mwongeli akamtania.

"Mimi najua kulala chini yake. Lazima mtu aanze mahali."

Kalunde alishika mpira. Hakuimba. Alikwenda kutoka mti hadi mti, akauliza kila mmoja kiasi gani cha maji unataka, kwa kuubonyeza udongo na kidole, akitazama lango kila mara kama anayeiba.

Muthoka alifika saa tatu. Alikuwa amevaa suti. Nyuma yake kulikuwa na gari lililobeba hema, viti, na sufuria tatu za pilau ya wageni waheshimiwa thelathini. Alisimama langoni. Akatazama miche mia mbili na sita imesimama kwenye mistari aliyoipima kwa mkono wake mwenyewe. Mdomo ulifunguka, na maneno, yakiona hali ilivyo, yakakataa kutoka.

"Nani... nani amewaambia mchimbe?" akapata kusema.

"Wewe!" wakajibu kama kwaya.

"Mimi nimewaita mkutano!"

Mwongeli akamletea bango, limekunjwa nne ndani ya kitambaa chake. "Hapa imeandikwa mkutano? Soma, mwanangu, wewe macho yako ni mapya. Mwethya. Ya kupandisha. Tumepandisha."

"Kupandisha *hadhi!*"

"Hiyo tuliulizia sokoni, hatukupata," Mwongeli akasema kwa upole mkubwa. "Miche ya hadhi imeisha. Tukaleta mikau."

Watu wakaangua kicheko, mpaka mbuzi wa Samatar wakaitikia. Muthoka akatafuta mtu wa kulaumu, macho yakatua kwa Kalunde aliyeshika mpira.

"Mathe! Wewe ulijua!"

"Nilitaka kukuambia," Kalunde akasema. "Ukaniambia mambo ya kuandika niachie ofisi."

"Ng'oeni! Yote! Sasa hivi, mheshimiwa anakuja!"

Kicheko kikakatika kama kilichokatwa na panga. Mwongeli akaweka jembe chini, akamsogelea.

"Wewe ni mtoto wa nani?"

"Mimi ni Muthoka, ni afisa wa..."

"Sijauliza kazi. Nimeuliza mtoto wa nani."

"Wa Mulwa," akasema, na ghafla suti ikawa kubwa kuliko yeye. "Wa Mwala."

"Susu yako, mama ya babako, bado yuko?"

"Susu yuko. Yuko poa tu."

"Mungu amuweke. Sasa sikiza. Kitu imepandwa na mwethya, mtu mmoja hang'oi. Hatukatazi. Huu hapa, shika, ng'oa, sisi tunaangalia." Akamwonyesha mkau mmoja, mfupi kama mkono kuanzia kiwiko. "Lakini siku ya susu yako ikifika, na lazima ifike, usiite mtu na jembe. Utaambia hiyo ofisi yako ikuje na koleo."

Bustani nzima ilinyamaza. Hata wahubiri wawili, waliokuwa wamefika kuanza zamu yao, walinyamaza pamoja, jambo ambalo halijawahi kutokea. Muthoka akautazama ule mkau. Akautazama sana. Mkono ukasogea, ukafika nusu ya njia, kisha ukakumbuka kwamba una kitu mfukoni, ukaenda kukitafuta huko na haukurudi.

"Na chakula?" mtu akauliza kutoka nyuma. "Si bango limesema chakula?"

Hivyo ndivyo pilau ya waheshimiwa thelathini ilivyoliwa na wananchi mia moja na arobaini. Kama muujiza ule wa mikate, isipokuwa hayakubaki makapu.

Mheshimiwa alifika saa sita, ambayo kwake ndiyo saa nne. Mkononi alikuwa na hotuba ya kabro, kurasa tatu. Akatazama miche. Akatazama watu mia moja na arobaini wenye tope magotini, wote wamefikisha umri wa kupiga kura. Akatazama kamera. Akaikunja hotuba, akaitia mfukoni.

"Ndugu zangu," akasema, "hii ndiyo ndoto yangu tangu nikiwa mtoto mdogo. Nimesema siku zote, miti ni uhai!"

Kalunde, ambaye amekuwa hapo siku zote, hakukumbuka. Lakini alipiga makofi kuliko wote.

Mheshimiwa akapewa mche apande. Akauweka shimoni pamoja na nailoni yake, akaufunika kwa koleo lenye utepe. Kalunde alisogea, "Mheshimiwa, hiyo nailoni inatolewa kwan..." mlinzi akamsogeza kando kwa kiwiko. Picha zikapigwa. Watu wakatia sahihi kwenye karatasi ya Muthoka, pale alipokuwa amefuta kabro akaandika miti. Wengine walitia dole gumba, na tope lilitosha, wino haukuhitajika. Kisha magari yakaondoka kwa king'ora, kwa sababu mtu aliyepanda mti mmoja lazima ana haraka.

Ile kabro ilikaa nje ya lango juma zima, ikatazamwa na kila mtu. Mwishowe ikabebwa ikatandazwa mbele ya ofisi ya akina Muthoka, mahali ambapo hadhi ilikuwa na uhaba.

Barua ya Kalunde haikuja Jumatatu. Jumanne haikuja. Kila lango likilia aliuacha mpira akatazama. Kwamba miti imekaa ni sawa, lakini hakuna aliyesema nani ataishi nayo. Ofisi inaweza kupumzisha mtu hata kama nyasi ni ya kweli.

Alhamisi ndipo Muthoka alipokuja, peke yake, bila suti, na faili kwapani. Kalunde akaiona bahasha ya kaki ikichungulia ndani ya faili, na jina lake juu yake, limechapishwa vizuri. Akauminya mpira mpaka maji yakasita.

"Mathe," Muthoka akasema, "mti wa mheshimiwa uko wapi? Wanataka picha ya ripoti."

Kalunde akamwonyesha kwa kidevu. Mti wa mheshimiwa ulikuwa umelala. Majani yamejikunja kama mikono ya mtu anayesikia baridi. Ile mingine mia mbili na sita ilikuwa imesimama wima, baadhi imeanza kutoa jani jipya.

"Hapana," Muthoka akanong'ona. "Hapana, hapana. Nitafutwa kazi."

"Utapumzishwa," Kalunde akamrekebisha. "Kwa heshima."

Muthoka hakucheka. Alikuwa amechuchumaa mbele ya ule mche kama mtu aliye mbele ya mgonjwa hospitalini, na Kalunde akamwona jinsi alivyo mdogo, hata ndevu hazijakubaliana pa kuota. Akaweka mpira chini. Akachimbua kwa vidole, polepole, akautoa mche na tonge lake la udongo, akaichana nailoni, akairudisha mizizi chini, akaishindilia kwa kisigino. Kisha akamwagia maji mpaka udongo ukasema basi.

"Utaishi?"

"Mtu akiuangalia."

Muthoka akainuka. Akafungua faili, akaitoa bahasha ya kaki, akaigeuza huku na huku, akaisukuma nyuma kabisa ya karatasi zote. Badala yake akatoa fomu nyingine, akatafuta kalamu.

"Hapa wananiuliza," akasema bila kumtazama, "huu mradi wa miti unahitaji mtu wa kumwagia maji kwa muda gani. Mpaka ishike."

Kalunde akatazama mistari ile, mti kwa mti, mpaka ukutani. Mkau ukishapata mvua mbili, yaani mwaka mmoja, hauhitaji mtu. Ni mti wa Mwala, umezoea shida. Hilo analijua kila mtoto aliyezaliwa upande ule, ila waliolelewa Mlolongo.

"Miaka miwili," akasema, "mvua ikisaidia."

"Na isiposaidia?"

"Mitatu."

Muthoka akaandika mitatu. Kalunde akainama, akafuata kalamu kwa kidole, neno kwa neno, mpaka akahakikisha ndivyo ilivyoandikwa. Kisha akamwambia aongeze na ndoo mbili, maana huu mpira umetoboka.